UZI: Waliomeza vidonge bandia bila kuruka walikufa wachache. Basi dawa ya moyo inafanya kazi gani?

FundiHesabu (Unguja)

Assalaamu alaykum wakubwa kwa wadogo. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka zake apite kwa salama.

Maneno ya presha na moyo hapa kwetu huwa ya aina mbili tu. Kuna wanaosema "mezeni dawa zenu, mtakufa", na kuna wanaosema "dawa za hospitali zinaua figo, rudini kwenye mlonge na habasoda". Mie nataka kuwawekea hesabu moja ya zamani inayowakera wote wawili.

Marekani, kuanzia miaka ya 1960, palifanywa utafiti ulioitwa Coronary Drug Project. Walichukuliwa wanaume waliokwishapata shambulio la moyo, wakagawiwa kwa kura. Kundi moja likapewa klofibreti, dawa ya kushusha mafuta katika damu. Kundi jengine likapewa kidonge cha sura ile ile ambacho ndani yake hamna dawa. Si mgonjwa wala daktari aliyejua nani kapata kipi. Miaka 5 baadaye waliokufa walikuwa karibu sawasawa, 20 katika kila 100 upande wa dawa na 21 upande wa pili. Maana yake klofibreti haikufua dafu.

Watafiti wakauliza kitu ambacho mtu yeyote angeuliza: labda dawa ni nzuri ila watu hawaimezi? Wakawatenga waliomeza asilimia 80 ya vidonge au zaidi. Na kweli, miongoni mwa waliopewa klofibreti, wenye kumeza vizuri walikufa asilimia 15, wenye kuruka-ruka asilimia 24.6. Hapo mwengine angeshafunga daftari na kuandika kwamba dawa inafanya kazi, wagonjwa ndio wabaya.

Lakini wakaenda kuangalia na waliopewa kidonge bandia. Waliomeza vizuri: asilimia 15.1. Walioruka: asilimia 28.2.

Rudieni kusoma. Kidonge hakina kitu ndani, na bado aliyekimeza kila siku hatari yake ya kufa ilikuwa karibu nusu ya mwenzake aliyekiruka. Matokeo hayo yalichapishwa 1980. Wakajaribu kusawazisha mambo 40 ya hali za wagonjwa walivyokuwa mwanzo, pengo likapungua kidogo tu, 16.4 kwa 25.8. Mwaka 1990 watafiti wengine wakayakuta yale yale kwenye propranololi, dawa nyengine ya moyo: waliomeza vibaya walikuwa na uwezekano mara 2.6 wa kufa ndani ya mwaka, awe mtu kapewa propranololi yenyewe au kapewa bandia.

Suali langu, hasa kwa mlioko mahospitalini: tunaposema "fulani kashika dawa kapona, fulani kaacha kapata kiharusi", tunaisifu dawa au tunamsifu mtu?

MzeeKigoda (Chake)

Basi mie nipewe hivyo vya bandia. Hivi vya kweli vimenivimbisha miguu, hata makubadhi hayaingii.

MpembaAsilia

Mzee Kigoda utatuua kwa kicheko. Lakini Fundi hili suali lako ni la hatari. Mama yangu akilisoma kesho anatupa pakiti jaani.

NesiWaZamu (Pemba)

Mzee Kigoda, shikamoo. Nakisia hiyo ni amlodipini. Kuvimba vifundo vya miguu ni kawaida yake kwa baadhi ya watu, zaidi ukiandikiwa ya miligramu 10, na wala si dalili kwamba figo zimekufa. Usiiache kimya kimya. Rudi kwa aliyekuandikia, ataipunguza au atakuchanganyia na nyengine. Dawa za presha zipo makundi kadhaa kwa sababu hiyo hiyo: lisinopili kwa mfano huwapa baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichokwisha, na mwenye kikohozi hicho huhamishiwa losatani. Ila ukiwa unahema hata kwa kwenda msikitini, au usiku hulali mpaka ujiinue kwa mito, usingoje siku ya kliniki. Miguu kuvimba kunaweza pia kuwa ni moyo wenyewe umechoka.

Sasa Fundi. Nimecheka niliposoma, kwa sababu hicho ulichoandika ndicho tunachokiona mezani kila kliniki. Mtu anayemeza dawa bila kuruka hayuko peke yake. Nyuma yake kuna mke au mkwe anayemkumbusha, kuna nauli ya gari kutoka Micheweni, kuna kazi inayomruhusu kuondoka asubuhi, kuna macho yanayoweza kusoma maandishi madogo. Na mara nyingi mtu huyo huyo ndiye aliyeacha sigara, na ndiye anayekuja kifua kikimbana badala ya kungoja harusi ya mpwa wake ipite. Kile kidonge bandia hakikumwokoa. Kilituonesha tu yeye ni nani na anaishi vipi.

Halafu kuna upande wa pili ambao watu wa hesabu huusahau. Yuko anayeruka dawa kwa sababu tayari anaumwa zaidi. Ana kichefuchefu, ana huzuni, chakula hakipiti, sembuse vidonge. Akifa tunasema kafa kwa kuacha dawa, na kumbe kaacha dawa kwa sababu hali ilikuwa imeshamgeuka.

Lakini jamani, asitoke mtu hapa akasema nesi kasema dawa ni sawa na unga wa muhogo. Klofibreti haikuwasaidia wale wanaume, na walipima wakaona. Hizi za leo nazo zimepimwa, na majibu yake ni mengine kabisa. Fundi malizia mwenyewe, umeanza kututia watu wasiwasi.

FundiHesabu (Unguja)

Nesi umesema kweli tupu, na namalizia.

Hesabu safi haiwezi kuwa ya kulinganisha wanaomeza na wasiomeza, kwa sababu hao ni watu wawili tofauti tangu nyumbani kwao. Hesabu safi ni ya kura. Unawahesabu wote waliopangiwa dawa, waliomeza na walioitupa chini ya kitanda, dhidi ya wote waliopangiwa upande wa pili. Hapo tabia za watu zinajigawa zenyewe sawasawa pande zote mbili, na tofauti ikibaki ni ya dawa.

Kwa kipimo hicho dawa za presha zimeshinda bila mzaha. Mwaka 2016 jarida la Lancet lilichapisha mkusanyiko wa tafiti 123 zenye watu zaidi ya laki sita. Ile namba ya juu ya presha ikishushwa kwa 10, matukio makubwa ya moyo na mishipa hupungua kwa asilimia 20, kiharusi kwa 27, moyo kushindwa kazi kwa 28, vifo kwa 13. Hakuna cha utaratibu wa mtu hapo, ni dawa.

Na kuna mmoja naupenda zaidi kwa sababu ulifanywa vijijini, mkoa wa Golestan, Iran. Unaitwa PolyIran, ulitoka 2019. Watu 6,838 waligawiwa kwa kura, na waliogawiwa hasa ni vijiji vyao. Nusu walipewa mafunzo ya chakula na mazoezi basi. Nusu wakapewa mafunzo hayo pamoja na kidonge kimoja tu kwa siku chenye dawa nne ndani: aspirini, ya kushusha mafuta, na mbili za presha. Baada ya miaka 5, waliopata shambulio la moyo, kiharusi na mfano wa hayo walikuwa asilimia 8.8 upande wa mafunzo peke yake, na 5.9 upande wa kidonge. Hatari imeshuka kwa asilimia 34 ukiwahesabu wote. Ukiwahesabu waliokishika vizuri tu, imeshuka kwa 57.

Magazeti yatakupa hiyo 57 kwa sababu inapendeza. Mie nakwambia iamini 34. Katika 57 kuna dawa na kuna mkwe anayekumbusha, na huwezi kuwatenganisha.

MzeeKigoda (Chake)

Mkwe wangu yuko Muscat. Anikumbushe kwa simu?

NesiWaZamu (Pemba)

Ndiyo mzee wangu, akukumbushe kwa simu. Sikutanii.

MpembaAsilia

Mie nitie neno la upande wa mgonjwa, maana hapa naona kama mtu akiruka dawa lazima kuna kasoro yake.

Mama alianzishwa vidonge vyeupe vidogo vya duara kwenye kituo kimoja, akavizoea, presha ikatulia. Siku ya kurudi akaambiwa vimekwisha, akapewa vya njano virefu. Hakuelezwa chochote, akapewa tu, foleni inangoja nyuma. Kafika nyumbani kavitazama, akasema hii si dawa yangu, nimepewa ya mtu mwengine. Akaviweka kabatini. Tulipokuja kugundua alikuwa anaumwa na kichwa kila asubuhi na presha iko 190. Sasa huyu utamwandika kwenye daftari lako kwamba ni mkaidi?

DukaLaDawa

Kaka, hilo lipo na limepimwa. Kuna utafiti wa Marekani wa 2014 kwa watu waliotoka hospitali baada ya shambulio la moyo. Kidonge kikibadilika rangi, uwezekano wa mtu kuacha dawa uliongezeka kwa asilimia 34. Kikibadilika umbo, kwa 66. Hao ni watu wa huko, wanaosoma lugha iliyoandikwa kwenye pakiti.

Kiwanda kimoja hutengeneza amlodipini nyeupe, kingine hutengeneza ya njano, na ndani ni kitu kile kile. Kosa ni la anayetoa dawa asiseme. Mie dukani nimejifunza kukiandika kwa kalamu nzito juu ya pakiti, hii badala ya ile, na kumwambia mteja aje na pakiti ya zamani tuziweke pamoja juu ya kaunta aone jina. Wazee wengi wasiojua kusoma huweza kulinganisha umbo la herufi vizuri tu.

Kitu chengine: msivichanganye vidonge vya wagonjwa wawili katika kopo moja la maziwa. Nyumba nyingi mume na mke wote wana presha na kopo ni moja.

BintiMtambwe

Suali. Mama mkwe wangu haachi kwa rangi wala kwa bei. Anaacha akijisikia mzima. Akipimwa akaambiwa 130 kwa 80 anasema alhamdulillah nimepona, anahamia kwenye choya na kitunguu thomu. Baada ya muda anaanguka, anarudi hospitali, anaanza upya. Tumesema mpaka tumechoka. Na yeye ana hoja: anasema ukizoea dawa mwili hauwezi tena kufanya kazi wenyewe.

NesiWaZamu (Pemba)

Dada Binti, mama mkwe wako si peke yake. Ukizikusanya tafiti za vikopo vyenye kifaa kinachoandika saa kila vinapofunguliwa, karibu nusu ya walioandikiwa dawa za presha huwa wameshaacha kabla mwaka haujaisha. Hiyo ilichapishwa 2008, na ni nchi zenye kila kitu.

Sababu kubwa ni hiyo hiyo ya kwake. Malaria inakuchoma, unameza, inaondoka, umepona. Presha haiumi. Dawa nayo haikupi raha yoyote unayoihisi, pengine inakupa miguu ya Mzee Kigoda. Kwa hivyo mtu anaona anameza shida ili aondokane na kitu ambacho hakioni. Mwambie hivi: ile 130 kwa 80 ni namba ya mtu aliye kwenye dawa. Haisemi lolote juu ya presha yake bila dawa.

Kuhusu mwili kuzoea: mishipa haiwi mivivu kwa amlodipini. Presha inarudi palepale ilipokuwa kabla, na kwa watu wengi ugonjwa ni wa maisha. Isipokuwa kuna dawa ambazo ukizikata ghafla zinakurudi kwa nguvu, na hizi nitaomba msome mara mbili. Atenololi, propranololi na ndugu zake: ukiacha ghafla moyo unaweza kwenda mbio na kifua kubana, na mwenye mishipa ya moyo iliyoziba anaweza kupata shambulio. Klonidini nayo presha inaruka juu kuliko ilipokuwa. Na aliyewekewa kile kichuma cha kutanua mshipa wa moyo akapewa klopidogreli na aspirini, asithubutu kuacha kabla ya muda aliopangiwa, damu itaganda pale pale penye chuma.

Choya sina ugomvi nayo. Inashusha presha kidogo, ni kweli. Anywe, na sukari apunguze. Kitunguu thomu ale. Ugomvi wangu ni pale kinapokaa mahali pa kidonge. Na Binti, kabla ya yote hayo tazameni chungu. Mtu anameza dawa mbili za presha asubuhi, mchana anakula mchuzi wa ng'onda na achari ya embe. Chumvi peke yake inaweza kuifanya dawa ionekane haifai, na daktari asiyejua atamwongezea ya tatu.

ShababiDarajani (Unguja)

Mie naona tunazunguka. Hospitali za Serikali matibabu bure, dawa ukiikuta unapewa bure, na bado watu hawaendi. Huo ni uvivu. Tuseme ukweli hata kama unauma.

FundiHesabu (Unguja)

Shababi, umetia "ukiikuta" hapo katikati ukapita haraka, na hoja ya wenzako yote imekaa mle ndani. Siku isipokuwapo mtu anaagizwa akanunue, na asipokuwa na pesa siku hiyo anarudi nyumbani mikono mitupu.

Lakini tuseme ipo kila siku. Marekani walijaribu kitu hicho, matokeo yalitoka 2011. Watu waliopata shambulio la moyo, nusu wakaendelea kuchangia gharama za dawa zao, nusu wakapewa bila kulipa hata senti. Waliolipa walikuwa wakimeza kati ya theluthi na nusu ya ilivyotakiwa, kutegemea dawa. Waliopewa bure? Ikaongezeka kwa pointi 4 mpaka 6 tu. Bei ilipoondolewa kikwazo kikubwa kilibaki, na kilichobaki hakiitwi uvivu, maana hao walikuwa wameshaonja kufa. Kingekuwa uvivu, hofu ingewaamsha.

Kilichofanya kazi vizuri zaidi katika tafiti hizi ni kurahisisha. Uingereza, Ireland, Uholanzi na India kulifanywa utafiti uliotoka 2013: waliopewa dawa zao zote ndani ya kidonge kimoja, asilimia 86 walikuwa wanaendelea nazo, waliobaki na vidonge mbalimbali kama walivyozoea, 65. Mtu yule yule, ugonjwa ule ule. Mwaka 2022 ukaja mwengine wa Ulaya kwa watu waliotoka kwenye shambulio la moyo: kidonge cha pamoja, asilimia 9.5 wakapata tukio jengine kubwa au kufa kwa moyo. Vidonge mbalimbali, 12.7. Dawa ni za aina moja pande zote, kilichopungua ni usumbufu.

ShababiDarajani (Unguja)

Sawa, nimepunguza. Lakini wavivu wapo.

NesiWaZamu (Pemba)

Wapo. Na baadhi yao wamevaa koti jeupe, wanaandika vidonge vya mara tatu kwa siku wakati kuna vya mara moja.

UkhtiJangombe

Afwan, naomba kuuliza la Ramadhani kabla uzi haujaenda mbali. Baba anameza asubuhi saa mbili. Mwezi ukiingia anaacha mchana, na usiku anasema si wakati wake, kwa hiyo mwezi mzima anakaa bila. Anasema daktari alimwandikia asubuhi, asubuhi ndiyo dawa inapofanya kazi.

DukaLaDawa

Ukhti, mwambie baba apumue. Kama ni ya mara moja kwa siku, ahamie futari au daku, achague moja ashikamane nayo. Waingereza walilipima hili kwa watu 21,104, wakafuatiliwa zaidi ya miaka 5, matokeo 2022. Nusu wakimeza asubuhi, nusu jioni. Waliopata shambulio, kiharusi au kufa kwa mishipa: 3.7 asubuhi, 3.4 jioni, yaani hakuna tofauti ya kuhesabika. Saa nzuri ni ile asiyoisahau, na hakuna Mzanzibari anayesahau futari.

Mawili ya kuangalia. Akiwa na dawa ya mkojo, aongee na daktari kabla ya mwezi: jua la kwetu, hanywi maji kutwa, na dawa inamkausha, anaweza kuanguka kwa kizunguzungu kwenye tarawehe. Na akiwa na ya mara mbili kwa siku, daktari anaweza kumbadilishia ya mara moja. Aende Shaaban, asingoje mfungo wa kumi.

NesiWaZamu (Pemba)

Naongeza: mwenye moyo ulioshindwa kazi, anayevimba na kuhema, asijiamulie mwenyewe. Aya ya 184 ya Surat al-Baqara imempa mgonjwa nafasi yake. Muwapeleke wazee kwa daktari na kwa sheikh wao wote wawili, kwani wengi hawatamsikia mmoja bila ya mwengine.

MamaWaWawili (Wete)

Nyote mnazungumza wazee. Mie mwanangu yuko skuli ya msingi na ameambiwa ana tatizo la vali ya moyo lililotokana na koo. Sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, kwa miaka. Inamuuma mno, siku yake ikifika nyumba nzima inalia. Baba yake anauliza kama akiruka miezi miwili kuna nini, mtoto mwenyewe anacheza mpira.

NesiWaZamu (Pemba)

Mama, pole sana. Hapa ndipo ningetaka Fundi aweke herufi kubwa.

Koo la mtoto likiingiliwa na kijidudu kiitwacho streptokoki na lisitibiwe, kinga ya mwili inaweza kwenda kuipiga vali ya moyo yenyewe. Kila koo jipya linaongeza kovu juu ya kovu. Sindano haitibu vali iliyoharibika, inazuia pigo jengine. Kwa hivyo mtoto anayecheza mpira ndiye hasa anayefaidika, kwa sababu bado kuna kitu cha kuokoa.

Na jibu halikutoka Ulaya, limetoka Uganda. Watoto na vijana 818 wenye dalili za mwanzo, zile zinazoonekana kwenye kipimo cha ultrasaundi tu, waligawiwa kwa kura: nusu sindano kila wiki nne, nusu bila sindano. Miaka miwili. Waliozidi kuharibika upande wa sindano ni 3. Upande wa pili ni 33. Asilimia 0.8 kwa 8.2. Na haya ni ya kura, kwa hiyo Fundi hana la kusema juu ya mkwe anayekumbusha.

Kuhusu maumivu: mwombe anayechoma aache dawa ipoteze baridi yake ifikie joto la chumbani, asukume polepole, na uliza kama wanaweza kuichanganya na dawa ya ganzi. Mtoto ale kabla ya kwenda. Asichomwe amesimama. Ikifika hadi vali ya kubadilishwa, ndiyo safari ya Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na baada ya vali ya chuma ni wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote na kupima damu mara kwa mara. Mwambie baba yake achague kati ya sindano na hayo.

FundiHesabu (Unguja)

Sina la kusema kweli. 3 kwa 33.

MamaWaWawili (Wete)

Nimemsomea baba yake hizo namba mbili. Amenyamaza, kisha kauliza siku ya sindano ni lini.

MtotoWaKojani

Na mie nina langu. Mzee wangu anakwenda dago, kambi ya uvuvi, upande wa Tanga, miezi miwili, pengine mitatu ikitegemea samaki. Ana amlodipini, atenololi na ya mkojo. Safari iliyopita alichukua za mwezi mmoja, zikaloa, akatupa, akakaa hivyo hivyo mpaka kurudi. Alirudi salama lakini sasa nimesoma hilo la atenololi hapo juu na nimeingiwa na hofu. Kumwambia asiende haiwezekani, hiyo ndiyo riziki.

NesiWaZamu (Pemba)

Asiache kwenda. Ila aje kliniki kabla, aseme wazi kwamba anakwenda dago na muda wake, maana tukimpa za mwezi ni kwa sababu hatujui. Aombe za miezi yote na ziada ya wiki mbili. Zikikosekana za kutosha, bora tujue mapema, pengine daktari atampangia dawa nyengine kuliko kumwacha na atenololi itakayomkatikia baharini.

DukaLaDawa

Vidonge vibaki ndani ya karatasi zake, asivimenye. Aviweke kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, kopo ndani ya mfuko, na lisikae juani kwenye tezi ya chombo. Agawe mafungu mawili, moja abaki nalo kambini, moja aende nalo chomboni, chombo kikipinduka asipoteze vyote. Ya mkojo ameze wakati ambao hayuko katikati ya kazi ya nyavu. Akisahau siku moja, akikumbuka siku ile ile ameze; akikumbuka kesho yake, ameze cha kesho tu, asimeze viwili kufidia. Amlodipini hukaa mwilini muda mrefu, siku moja haimwangushi.

MtotoWaKojani

Shukran sana. Nimemsomea yote. Amesema fungu la pili atamkabidhi nahodha, kwa sababu nahodha naye anameza na kila alfajiri huwa anachukua zake kabla ya kung'oa nanga. Ila za nahodha ni nyeupe na za mzee ni za njano, naogopa watachanganya.

DukaLaDawa

Makopo mawili, na juu ya kila moja jina kwa kalamu ya wino usiotoka maji. Na wakichanganya kweli, hata kama ni amlodipini wote wawili, yaangaliwe miligramu, mmoja anaweza kuwa wa 5 na mwengine wa 10.

NesiWaZamu (Pemba)

Waje wote wawili Jumatatu, na pakiti zao. Nahodha namjua, kliniki ya mwezi uliopita hakutokea.